Mtambo Ulichukuliwa, Sauti Haikunyamaza

Somo: 2 Timotheo 2:8-10



Katika somo letu mtume Paulo yumo kifungoni. Amefungwa minyororo kama mhalifu, lakini amwandikia kijana wake Timotheo kwamba minyororo hiyo haikulifikia Neno la Mungu. Leo twataka kulifikiri jambo hili kwa kuikumbuka redio moja ya Kanisa, ambayo huenda baadhi ya wazee wetu waliwahi kuisikia katika redio zao za betri. Ni ile Redio Sauti ya Injili iliyokuwa Addis Ababa, Ethiopia.

Redio hiyo ilianzishwa na Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu. Mfalme Haile Selassie alitoa kibali, naye mwenyewe akaifungua tarehe 26 Februari 1963. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa Mchungaji Sigurd Aske wa Norway. Ilikuwa na mitambo miwili ya mawimbi mafupi, kila mmoja wenye nguvu ya kilowati 100. Mawimbi mafupi hupanda juu sana, hugonga tabaka la hewa la juu, kisha hurudi chini mbali kabisa na pale yalipotoka. Ndiyo maana mtu aliyeketi jikoni kwake Afrika ya Mashariki aliweza kusikia neno lililorushwa kutoka Addis Ababa. Mara nyingine sauti ilififia ikarudi, kama mtu anayesema penye upepo, lakini ilifika. Ilifika Afrika, Mashariki ya Kati na hata Asia, kwa lugha nyingi.

Basi angalieni, ndugu, jinsi kazi ile ilivyopangwa. Wenye redio hawakutaka kila neno litungwe Addis Ababa. Katika nchi mbalimbali makanisa yalifungua studio zao ndogo. Wenyeji wenyewe waliandika vipindi, wakaviimba na kuvisema katika lugha ya nyumbani, wakavinasa katika kanda, na kanda hizo zikapelekwa Addis Ababa zikarushwe. Vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, Tanzania, katika studio ya Kanisa la Kilutheri iliyoitwa Sauti ya Injili. Huko Ngaoundéré, nchini Kameruni, studio ya Kifulani iliitwa Sawtu Linjiila, maana yake ni ile ile. Ethiopia kwenyewe, Kanisa la Mekane Yesus lilikuwa na studio iitwayo Yemissrach Dimts, yaani Sauti ya Habari Njema.

Tena walikuwa na kanuni. Katika kila sehemu mia za vipindi, kama thelathini tu zilikuwa za ibada na mahubiri. Sabini zilikuwa za habari, afya, kilimo, elimu na mambo ya nyumbani. Wako waliouliza, je, hii ni redio ya Kanisa kweli? Lakini Bwana wetu hakuhubiri tu. Aliponya wagonjwa na kulisha wenye njaa. Mama aliyefundishwa kuchemsha maji ya mtoto wake naye amehudumiwa kwa jina la Yesu.

Kisha siku mbaya ikaja. Mwezi wa Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa Mfalme. Kibali kilikuwa kimetoka katika mkono wake, na sasa mkono huo haukuwa na nguvu tena. Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi iliitwaa redio yote: majengo, mitambo na minara. Ikapewa jina jipya, Sauti ya Ethiopia ya Mapinduzi. Kazi ya miaka kumi na minne ilitoka mikononi mwa Kanisa kwa siku moja.

Je, Shetani alishinda? Hebu twende polepole, tusijibu kwa haraka ya mhubiri. Hasara ilikuwa kweli. Mitambo haikurudishwa. Kanisa la Mekane Yesus liliteswa, na Katibu Mkuu wake, Mchungaji Gudina Tumsa, alikamatwa mwezi wa Julai 1979 akauawa. Watu walilia machozi ya kweli, nasi hatuna haki ya kuyafuta kwa maneno mepesi.

Lakini wanajeshi walichukua kile kilichoweza kuchukuliwa. Hawakuweza kuchukua watu waliofundishwa kazi, wala lugha zao, wala ushirika uliowatuma. Studio ya Moshi haikufa pamoja na mnara wa Addis Ababa. Sheria ya Tanzania ya 1993 ilipofungua mlango kwa redio zisizo za serikali, watu wa Moshi walikuwa na kazi mkononi tayari, na Redio Sauti ya Injili ikaanza kurusha matangazo kutoka kwao wenyewe. Na Mekane Yesus, lililoanza mwaka 1959 likiwa na Wakristo wapatao 20,000, leo lahesabu zaidi ya milioni 10.

Wapenzi, twayasema haya kwa sababu siku hizi hapa Kenya redio na televisheni za Kikristo ni nyingi. Twafanya harambee kwa ajili ya mnara, kamera na spika. Si vibaya. Lakini na tujiulize: mnara ukianguka usiku huu, asubuhi kutabaki nini? Kama kutabaki deni na picha za mhubiri mmoja tu, basi tumejenga juu ya mchanga. Kama watabaki vijana waliofunzwa kuandika kipindi, akina mama wanaoweza kufundisha kwa lugha yao, na shirika zinazojua kusoma Biblia bila kungoja redio, basi hatujapoteza jambo kubwa.

Nasi makasisi tuna toba ya kufanya. Mara ngapi tumeingia studio bila kujitayarisha, tukitegemea kipaza sauti kitukuze? Mara ngapi tumemsemea msikilizaji tusiyemjua, na mgonjwa wa jirani hatujamtembelea? Mashine hupeleka sauti mbali, lakini haiwezi kuipa upendo sauti isiyo nao.

Basi, wewe uliye katika baraza la parokia, panapopigwa hesabu ya mtambo, uliza pia fungu la kufundisha watu ni kiasi gani. Na wewe unayesikiliza ukiwa peke yako kitandani, jua kwamba umetumwa pia. Mwambie mtu mmoja leo lile ulilosikia. Sauti hiyo haihitaji kibali cha serikali.

Na tuombe. Bwana Yesu, twakushukuru kwa watumishi wako waliosema na kunyamazishwa, na kwa Neno lako lisilonyamaza. Utusamehe tulipotegemea minara. Ufundishe vinywa vyetu, ukatume nyumba zetu. Amina.