Tarehe ya Boksi na Joto la Mabati

Boksi la Ozempic, sindano ya semaglutidi ambayo wengi wameijua kwa sifa ya kupunguza unene, lina maandishi mawili yanayopaswa kusomwa pamoja. La kwanza ni tarehe ya mwisho ya matumizi. La pili, kwa herufi ndogo, ni agizo la kuiweka dawa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na kutoiacha igande. Wanunuzi wengi husoma la kwanza, wakaridhika, wakalipa. Ila la kwanza halisimami bila la pili. Kiwanda hakikuahidi kwamba dawa itakuwa nzima hadi mwezi fulani wa mwaka fulani popote itakapolala. Kiliahidi kwamba itakuwa nzima ikiwa imelala kwenye baridi muda wote huo. Sharti likivunjwa, ahadi imekwisha, hata kama wino wa tarehe bado unang'aa.

Masara ni mahali pazuri pa kuipima ahadi hiyo. Ni kituo cha biashara magharibi mwa mji wa Migori nchini Kenya, katika Suna Magharibi, kwenye ukanda wa wachimbaji wadogo wa dhahabu unaoelekea Macalder na ziwani. Sindano za baridi zilizozoeleka huko ni chanjo na insulini. Lakini dawa ghali hufuata pesa, na dhahabu ni pesa. Tena Masara ina hali ya hewa inayolifanya swali hili kuwa gumu: kati ya Januari na Machi joto la mchana hukaribia nyuzi 30 kivulini, na chini ya paa la mabati lisilo na dari huzidi hapo. Nyuzi 30 ndizo mpaka uliowekwa na watengenezaji wenyewe.

Tuutazame mpaka huo. Kalamu ya Ozempic ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji hadi tarehe ya boksi. Ikishaanza kutumika huhesabiwa siku 56, iwe kwenye friji au nje yake, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Saxenda, ambayo ni liraglutidi, hupewa siku 30 tangu ifunguliwe. Mounjaro ya kalamu ya dozi moja, yaani tirzepatidi, inaweza kukaa nje ya friji siku 21 zisizozidi. Kwa hiyo kila dawa ina saa mbili: moja inahesabu miaka ikiwa kwenye baridi, nyingine inahesabu siku tangu kalamu ifunguliwe au itoke kwenye friji. Tarehe ya mwisho ya saa ya pili haikuchapishwa popote. Ni lazima mwenye dawa aandike mwenyewe kwa kalamu ya wino, juu ya kalamu ya sindano, siku aliyoianza. Wachache hufanya hivyo. Wengi huamini kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu anayedunga mara moja kwa wiki haiaminiki sana.

Kwa nini ukali wote huu, ilhali panadoli hukaa juu ya kabati mwaka mzima bila kulalamika? Kwa sababu ya umbo la dawa yenyewe. Semaglutidi ni mnyororo wa asidi amino 31, na insulini ina 51. Minyororo ya namna hii, ikiwa ndani ya maji, hufanya kazi kwa sababu imekaa katika umbo lake. Joto huifanya ivunjike polepole, au ishikamane mafundo mafundo. Yai lililochemka halirudi kuwa bichi hata ukiliweka kwenye friji ya bei gani, na peptidi iliyoharibika ni hivyo hivyo. Kuipoza upya huzuia uharibifu usiendelee, lakini hakurudishi kilichopotea.

Hapa pana jambo la haki kusemwa. Si kila dawa iliyopita tarehe imekufa. Jeshi la Marekani, lililochoka kutupa maghala ya dawa kila mwaka, lilianzisha mwaka 1986 mpango wa kuzipima upya kwa kushirikiana na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, ya dawa 122 tofauti, yalionyesha kwamba asilimia 88 ya shehena zilizopimwa zilistahili kuongezewa angalau mwaka mmoja. Habari hiyo hupendwa sana na wenye maduka yaliyojaa bidhaa za mwaka jana. Ila dawa zile zilitunzwa kwenye maghala ya jeshi yenye joto lililodhibitiwa, na hazikukaa kwenye dirisha la kioo linalotazama jua la saa nane. Mpango ule haukuthibitisha kwamba tarehe haina maana. Ulithibitisha kwamba utunzaji ndio wenye maana.

Baridi nayo huua. Agizo la kutogandisha ndilo linalovunjwa kwa nia njema kuliko yote, kwa sababu anayeligandisha boksi huwa anajaribu kulinda fedha zake. Anaweka kalamu kwenye friza, au nyuma kabisa ya friji ndogo inayoota barafu, au kwenye boksi la kupozea moja kwa moja juu ya barafu ngumu. Dawa ikiganda hutupwa, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Macho hayasaidii hapa. Dawa yenye vipande au rangi ni mbovu bila ubishi, lakini dawa safi kama maji ya chupa inaweza kuwa imekwisha nguvu.

Ujuzi wa kuepuka haya yote upo tayari katika eneo hili, na wala hauhitaji kuletwa na kampuni inayotengeneza Ozempic. Tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilizindua chanjo ya malaria, RTS,S, katika kaunti ya Homa Bay, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi zilizohusika. Chanjo hiyo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na haipaswi kugandishwa. Ni masharti yale yale ya Ozempic. Muuguzi wa zahanati anayesimamia chanjo husoma kipimajoto cha friji asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili pia, akaandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa friji. Akienda kuchanja vijijini hapakii barafu ikiwa ngumu kama jiwe. Huiacha nje kwanza, huishika pakiti na kuitikisa karibu na sikio, na hadi asikie maji yakicheza ndani, haiweki kwenye kibebeo. Barafu ambayo haijaanza kuyeyuka ingegandisha chanjo iliyo jirani nayo.

Kisha kuna kibandiko. Juu ya kichupa cha chanjo nyingi kuna duara dogo lenye mraba katikati. Mraba huanza ukiwa mweupe kuliko duara, na kadiri kichupa kinavyopata joto, ndivyo unavyozidi kuwa mweusi bila kurudi nyuma. Ukifikia weusi wa duara, chanjo haitumiki, tarehe iwe imesema lolote. Kibandiko hicho kilianza kutumika kwenye chanjo ya polio ya matone mwaka 1996. Kwa hiyo chanjo anayopewa mtoto wa Masara bila malipo hubeba shahidi wa safari yake, ilhali kalamu ya kupunguza unene, ambayo bei yake humfanya mtu akae chini kabla ya kuuliza, haina shahidi yeyote zaidi ya neno la muuzaji.

Neno la muuzaji linabeba mzigo mkubwa. Kutoka Nairobi hadi Migori ni zaidi ya kilomita 350, na kifurushi kilichotumwa kwa basi la usiku huandamana na nyanya, vipuri na viatu vya shule. Hakuna kosa kwa dereva, maana hakuambiwa kwamba boksi lile ni la baridi. Kosa huanzia kwa anayeuza dawa ya friji kupitia simu, bila duka lenye mlango, na kuikabidhi kwa boda kana kwamba ni kifuniko cha simu. Juu ya joto kuna udanganyifu mtupu: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil na Uingereza mwaka 2023, na nyingine Marekani mwishoni mwa mwaka huo. Bandia hukosa njia halali ya usafirishaji, na kwa hiyo hukosa baridi pia. Swali la "imelala wapi?" hukamata wezi wawili kwa mtego mmoja.

Katika ukanda huu kuna sababu nyingine ya dawa kulala pabaya, nayo ni siri. Kwa miaka mingi, kukonda ghafla katika kaunti hizi kulisomwa kwa maana moja tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kiwango cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa watu wazima kikiwa asilimia 19.6 Homa Bay na 13 Migori, na kizazi kizima kinakumbuka minong'ono iliyofuata kila shati lililoanza kupwaya. Mtu anayelipa ili akonde ana sababu ya kutotaka maswali. Hatoiweka kalamu kwenye friji ya duka lake, kati ya soda na maziwa. Ataificha kabatini, chini ya nguo, chini ya mabati. Mganga au mfamasia anayeuza dawa hii bila kuuliza "nyumbani utaiweka wapi?" ameifanya nusu ya kazi na kutoza yote.

Je, asiye na friji hana tumaini? Hapo wanaotumia insulini wametangulia. Katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi, likawa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Waliiweka insulini katika joto la namna hiyo maabara kwa wiki nne. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba nguvu yake ilipungua kwa asilimia moja tu au chini ya hapo. Kabla ya hapo wagonjwa walilazimika kwenda hospitalini kila siku kudungwa. Utafiti huo ni wa insulini na kwa wiki nne, na hauruhusu mtu kuiacha semaglutidi kwenye joto la nyuzi 37 kwa kuwa zote ni sindano. Funzo lake ni jingine: masharti ya dawa hulegezwa kwa vipimo, si kwa kubahatisha.

Chombo cha kushusha joto nacho kinajulikana. Dapi, mtungi wa udongo wa kuwekea maji, hupoza kwa sababu maji hupenya udongo na kuvukiza, yakiondoka na joto. Vyombo vya udongo vya aina hiyo vimepimwa katika nchi kadhaa kwa ajili ya insulini, na vimeshusha joto kwa kiasi cha kutosha kuwa na faida, hasa hewa ikiwa kavu. Masika, karibu na ziwa, unyevu ukiwa mwingi, kazi yake hupungua. Mtungi hauwezi kufikia nyuzi 8, hivyo haufai kwa akiba ya miezi. Unaweza kuisaidia kalamu moja iliyokwisha kufunguliwa ibaki chini ya 30, ikiwa imefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji na kipimajoto kimewekwa kando yake. Kipimajoto ni muhimu kuliko mtungi.

Wenye friji nao wasijivune mapema. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima, ukachukua saa nyingi kurudi, na uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukawa gizani. Friji isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban saa nne, na inayofunguliwa kila dakika kumi kuona kama bado ina baridi huipoteza mapema. Kalamu ikae rafu ya katikati, mbali na mlango na mbali na friza. Sindano ing'olewe kila baada ya kudunga, kwa sababu ikibaki huacha dawa ivuje na hewa iingie. Kifuniko kirudishwe, maana mwanga pia ni adui.

Hasara ya kupuuza haya hailingani kwa wote. Mgonjwa wa kisukari anayedunga insulini iliyokufa anaweza kuishia wodini, damu ikiwa imejaa asidi. Semaglutidi iliyokufa kwanza hula fedha. Lakini hatari yake ya pili ni ya kimyakimya: mtumiaji haoni mabadiliko, anadhani dozi ni ndogo, anaipandisha. Kalamu inayofuata ikiwa nzima, mwili hupokea kwa mkupuo dozi ambayo haukuzoeshwa. Dawa hii huanzishwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki kwa sababu hiyo hasa, na anayeruka ngazi hutapika hadi ajute.

Yote haya yanakaribia kuacha kuwa habari za matajiri wa Nairobi. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza semaglutidi na wenzake kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye maradhi ya moyo au figo na ambao pia ni wanene kupita kiasi. Nchini India hataza yake ilikuwa na kikomo cha Machi 2026, na India ni duka kuu la dawa nafuu za Afrika Mashariki. Bei itashuka. Joto la Masara halitashuka.

Kwa hiyo mambo mawili yanawezekana bila kusubiri teknolojia mpya. Bodi ya Famasia na Sumu iwadai wauzaji wa dawa hizi rekodi ya joto kama ile ambayo muuguzi wa chanjo huiandika kwa mkono mara mbili kwa siku. Naye mnunuzi aombe kuona friji na kipimajoto chake kabla ya kutazama tarehe. Muuzaji akikasirika kwa kuulizwa, mnunuzi amekwisha kujibiwa, na fedha zake bado zimo mfukoni.