Peugeot Kuukuu na Usukani Mwepesi

Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Mjomba wangu hupenda pikapu yake ya Peugeot 504 kuliko chochote. Gari la aina hii lilitokea Ufaransa mwaka wa 1968, likashinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978, na liliwahi kuunganishwa papa hapa Kenya. Ua lake lakini ni usukani. Pikapu ikijaa ndizi za kutoka Nyamira, kuigeuza katika soko la Daraja Mbili ni kama kupigana na fahali! Ndipo mjomba akaamua kuitia pawa stiaringi. Likizo hiyo nilishinda gereji nikimpokeza fundi spana, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, tuelewe usukani wa kawaida. Ukiuzungusha, mhimili wake huzungusha gia ndogo. Gia hiyo husukuma reki, yaani chuma kirefu chenye meno, nayo reki hugeuza magurudumu. Nguvu yote ni ya mikono yako. Mhandisi Mmarekani, Francis Davis, alitafuta dawa ya uzito huo katika miaka ya 1920, na mwaka wa 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari yenye usukani mwepesi.

Pili, vitu vinavyoongezwa. Kuna pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda, kikopo cha mafuta, mipira miwili, na reki nyingine yenye vali. Mpira mmoja, ulio imara sana, hupeleka mafuta yenye shinikizo. Wa pili huyarudisha. Ukianza kukata kona, vali hufungua njia na mafuta husukuma reki upande unaoutaka.

Tatu, kazi yenyewe. Reki lazima ipimwe vizuri. Ikikaa juu au chini kuliko ile ya zamani, gari likiingia shimoni magurudumu hujigeuza yenyewe! Mhimili wa usukani nao si jembe la kuchomelewa ovyo ovyo. Tairodi zilizolegea zibadilishwe kwanza, maana pampu haiponyi ugonjwa huo, huuficha tu. Mwishowe, magurudumu ya mbele huinuliwa na usukani kuzungushwa polepole huku na huku mpaka mapovu yaishe katika mafuta.

Sasa jamani, sikieni jambo kubwa. Wapo madereva ambao wakifika miteremko yetu, kama ya upande wa Manga, huzima injini ili kuokoa petroli. Injini ikizimika, pampu nayo hulala. Usukani haukatiki, la, bali huwa mzito ghafla, pengine kuliko ule wa zamani, na kona iko mbele yako. Breki zenye sevo nazo hubakiwa na msaada wa kukanyaga mara chache tu. Ukichomoa ufunguo, usukani waweza hata kujifunga kabisa!

Fundi alimwambia mjomba waziwazi, "Mzee, nikikuwekea hii kitu, hiyo tabia ya kuzima gari mlimani uiache hapa gereji." Mjomba alinung'unikia bei ya petroli, lakini siku hizi huteremka na gia, injini ikinguruma.

Kwa hivyo, wenzangu, mkipanda gari lolote na dereva akazima injini mlimani, msinyamaze. Tahadhari kabla ya hatari.