Mvua Haijui Mpaka: Makumbusho kwa Wenye Nyumba za Milimani



Kiangazi cha Desemba hadi Februari kinaelekea ukingoni, na mvua za Machi hadi Mei zimekaribia. Kwa mkazi wa Kampala, mvua hizo huleta tope na misururu ya magari barabarani. Kwa mwenye nyumba katika miteremko ya Mlima Elgon, ya Rwenzori au ya Muhabura, ni suala la uhai wa jamaa yake. Makala haya yanaeleza kwa nini ardhi huporomoka, dalili zinazotangulia, na mambo ambayo kila kaya inaweza kuyatimiza sasa, wakati udongo ungali mkavu.

Tunaanza na mpaka wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na watu zaidi ya 120 wakapoteza maisha. Usiku huohuo maporomoko yaliua watu katika wilaya yetu ya Kisoro. Tarehe 4 Mei, katika eneo la Kalehe, Kivu ya Kusini, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilisombwa, na waliofariki wakahesabiwa kwa mamia. Nchi tatu, siku mbili, msimu mmoja wa mvua. Wingu haliulizwi pasi ya kusafiria, na jirani wa ng'ambo ya mto anapoona hatari, habari hiyo inatuhusu na sisi.

KWA NINI MLIMA HUTELEMKA

Elgon ni mlima wa volkano ya zamani. Miamba yake imeoza kwa muda mrefu na kuwa udongo mwekundu wenye kina, na rutuba yake ndiyo inayostawisha kahawa na ndizi zetu. Udongo huo huo hunywa maji mengi. Mvua ikinyesha kwa siku nyingi mfululizo, maji hushuka hadi kwenye tabaka gumu lililo chini, yakashindwa kupenya, yakatanda hapo. Udongo wa juu huwa mzito, na wa chini huwa laini kama sabuni. Ndipo kipande kizima cha mlima hujitenga na kushuka pamoja na migomba, miti na nyumba.

Hatari haifanani kila mahali. Sehemu zilizobonyea mfano wa kiganja hukusanya maji kutoka pande zote, na ndizo ambazo mara nyingi huanza kuporomoka. Nyumba iliyo chini ya bonde la namna hiyo imo hatarini kuliko iliyo juu ya mgongo wa kilima. Vilevile, tunapokata ukingo wa mlima ili kupata kiwanja, tunaondoa mguu uliokuwa unaushikilia mteremko ulio juu yake. Mizizi ya migomba haifiki mbali chini, kwa hiyo shamba la migomba peke yake haliwezi kushika mlima kama msitu ulivyoushika.

Historia yetu imeandikwa kwa majina ya vijiji. Tarehe 1 Machi 2010, kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, kilifunikwa pamoja na kituo chake cha biashara na zahanati. Tarehe 11 Oktoba 2018, katika Bukalasi, Bududa, Mto Suume ulishusha matope na mawe makubwa yaliyoua watu zaidi ya 40. Tarehe 27 Novemba 2024 ikawa zamu ya wilaya ya Bulambuli, ambako nyumba za kijiji cha Masugu na vijiji jirani zilifukiwa. Upande wa Rwenzori, Mto Nyamwamba ulifurika tarehe 1 Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Tazameni miezi hiyo: Machi, Mei, Oktoba, Novemba. Aliye mlimani hana msimu mmoja tu wa kujihadhari.

DALILI ZA KUTOPUUZWA

Mlima mara nyingi hutoa ishara kabla ya kushuka. Mwenye nyumba azunguke kiwanja chake kila baada ya mvua kubwa na kuangalia yafuatayo:

1. Ufa mpya ardhini, hasa uliopinda kama mwezi mwandamo, juu ya nyumba au shambani.
2. Mlango au dirisha lililokuwa likifungwa vizuri na sasa linakwama, ukuta uliopasuka, nguzo au mti ulioinama.
3. Chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, au chemchemi ya siku zote iliyogeuka tope.
4. Mto unaopungua ghafula ilhali mvua ingali inanyesha.
5. Mngurumo kutoka juu, au mlio wa miti inayovunjika.

Dalili ya nne ndiyo huwadanganya wengi. Maji yakipungua watu hupumua na kusema hatari imepita. Ukweli ni kinyume chake: huenda udongo umeanguka juu ya mto na kuuziba, na maji yanajikusanya nyuma ya kizuizi hicho. Kizuizi kikipasuka, maji hushuka yote kwa pamoja yakiwa na mawe na magogo. Mto ukipungua wakati wa mvua, ondokeni bondeni upesi na kupanda pembeni, wala msishuke kuutazama. Kisha mpigieni simu mwenyekiti wa kijiji na polisi.

YA KUFANYWA KABLA YA MVUA

Safisheni mifereji inayoelekeza maji mbali na nyumba, na ya kwenu isimwage maji juu ya ukuta wa jirani aliye chini. Nyufa za ardhini zijazwe udongo na kushindiliwa ili maji yasizame humo, lakini ziripotiwe kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, maana ufa uliozibwa kimyakimya haujapona. Msichimbe mashimo mapya ya maji au ya choo juu ya nyumba. Msikate tena ukingo wa mlima bila ushauri wa ofisi ya mazingira ya wilaya. Kupanda miti yenye mizizi mirefu ni jambo jema, ila mche wa leo hauwezi kuokoa nyumba mwaka huu.

Kila kaya iamue mapema itakimbilia wapi na kwa njia ipi, usiku na mchana. Njia hiyo iende pembeni mwa bonde, isifuate mto. Watoto waijue kama wanavyoijua njia ya shule. Vitambulisho vya taifa, karatasi za ardhi, kadi za chanjo na vyeti vya shule viwekwe katika mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango.

KUHESABU NI KUOKOA

Tunaomba jambo moja ambalo halina gharama. Kila mwenye nyumba ampe mwenyekiti wa LC1 idadi na majina ya watu wanaolala nyumbani kwake, na amjulishe anapopata mgeni au mtu anaposafiri.

Sababu ni hii. Huko Nametsi miili takriban 100 ndiyo iliyopatikana, na watu wengine wengi zaidi walihesabiwa kuwa hawajulikani walipo. Waokoaji wanapofika mahali pasipo na orodha, hawajui wachimbe wapi wala waache lini. Wanaweza kutumia saa nyingi juu ya nyumba ambayo wenyewe walikuwa arusini, huku aliye hai akingoja chini ya nyumba ya pili. Orodha ya kijiji huwapeleka mahali panapostahili.

Kwa watu wa mpakani neno hili ni zito zaidi. Wengi wenu mna ndugu Kenya, Kongo au Rwanda, na ni haki kukimbilia kwao. Lakini mkivuka kwa Lwakhakha, Suam, Mpondwe, Busunga, Bunagana au Cyanika, toeni majina yenu kwa maofisa wa hapo, na mpelekeeni ujumbe mwenyekiti wenu. Pasiwe na mama anayeliliwa matanga Bududa ilhali yu hai kwa dada yake upande wa pili.

"NANI ATALINDA NYUMBA YANGU?"

Swali hili huulizwa kila tunapowataka watu wahame kwa muda, nasi tunaliheshimu. Anayekataa kuondoka si mpumbavu. Ana ng'ombe zizini, kahawa ghalani, na makaburi ya wazee wake nyuma ya nyumba. Anaogopa kwamba akiondoka leo, kesho atakuta mabati yameng'olewa, au mtu mwingine amesogeza mpaka wa shamba.

Tunajibu kwa uwazi. Polisi hatuwezi kuweka askari kwenye kila mlango wa mlima. Tunachowaomba ni kuwajulisha mkuu wa kituo na mwenyekiti wa kijiji kwamba nyumba zipi zimeachwa wazi, ili doria ielekezwe huko. Ondokeni kwa makundi na kupanga zamu za kuchungulia mchana, mvua ikiwa imekatika na mteremko umetulia. Mifugo ihamishwe mapema, kabla ya watu, kwa kuwa wengi hurudi hatarini kwa ajili ya mbuzi mmoja. Na kuiba mali ya waliokimbia maafa ni jinai kama wizi mwingine wowote, atakayeonekana aripotiwe.

Kuhusu ardhi, kulala mahali salama kwa juma moja au mwezi hakumnyang'anyi mtu shamba lake. Kuhama moja kwa moja ni jambo la mazungumzo marefu zaidi. Tangu mwaka 2019 serikali imekuwa ikizihamishia baadhi ya familia Bunambutye, wilaya ya Bulambuli, na wapo wanaoendelea kupanda mlimani kulima. Anayelima juu na kulala chini amepunguza hatari kwa sehemu kubwa, kwa kuwa usiku ndio unaomkuta mtu usingizini, asiyeona ufa wala kusikia mto.

BARIDI NA JIKO LA MAKAA

Mvua huleta baridi, na baridi huingiza jiko la makaa chumbani. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na mtu hulegea bila kujua. Makaa yaliyofunikwa na majivu bado huitoa. Msilale na jiko ndani, hata kama limebaki kidogo. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kizunguzungu kwa pamoja, tokeni nje kwanza, kisha tafuteni zahanati.

Radi nayo isisahauliwe. Tarehe 28 Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Ngurumo ikisikika, watoto watoke uwanjani, na pasiwe na mtu anayejikinga chini ya mti.

MAAFA YAKITOKEA

Pigeni 999 au 112, bila malipo. Semeni kijiji, kata ndogo, na idadi ya watu mnaodhani wamefukiwa. Msikimbilie kuchimba wote kwa pamoja: mteremko uliokatika mara moja huweza kukatika tena, na maporomoko ya pili huwakuta waokoaji. Awepo mtu mmoja wa kutazama juu na kupiga kelele. Waendesha bodaboda waache barabara wazi kwa magari ya wagonjwa. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini humwangusha mtu mzima. Daraja lililofunikwa lisivukwe, hata kama soko liko upande wa pili. Wala picha za marehemu zisisambazwe kwenye simu, ili mtu asijue msiba wake kwa njia hiyo.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mwenyekiti akiwa na orodha, jirani akiwa na masikio, na kila mwenye nyumba akijua njia yake ya kutokea, kazi yetu ya uokoaji inakuwa ndogo, na ndivyo tunavyotamani iwe. Mwone mwenyekiti wako juma hili, kabla ya tone la kwanza.