“Uko sawa?” na “Una ngapi?”: mazungumzo ya wazamiaji wawili hewa inapopungua

Katika somo la isimu ya jumla tunafundishwa kwamba lugha ya binadamu hutoka mdomoni na kupokelewa sikioni. Charles Hockett, alipoorodhesha sifa 13 za lugha mwaka 1960, aliiweka njia hiyo ya sauti na sikio mahali pa kwanza. Tujiulize basi: watu wawili wakiwa mita 20 chini ya maji, midomo imezibwa na kifaa cha kupumulia, na hewa ya mmoja inapungua, wanaambianaje?

Mimi si mzamiaji. Niliingia katika jambo hili kupitia vitabu vya mafunzo, nikitafuta orodha ya ishara za mikono kwa ajili ya semina. Orodha niliipata, lakini ndani yake nilikuta swali la pragmatiki ambalo linatugusa hata sisi wa nchi kavu.

Hewa inavyokwisha

Tuanze na hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 una hewa ya lita 2400 kama tungeiachia huku juu. Tuseme mtu mtulivu anatumia lita 20 kwa dakika. Juu ya maji angepumua dakika 120. Lakini mgandamizo huongezeka kwa kiasi cha angahewa moja kila mita 10 za kina: kwenye mita 10 ni mara mbili ya huku juu, kwenye mita 20 ni mara tatu, kwenye mita 30 ni mara nne. Kila pumzi inabeba hewa nyingi zaidi kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mtungi ule ule unatosha dakika 40 kwenye mita 20, na dakika 30 tu kwenye mita 30, bila kubakiza kitu.

Hewa hiyo yote si ya kutumia huko chini. Kurudi nako kunadai fungu lake. Shule nyingi hufundisha kupanda taratibu, mita 9 kwa dakika au chini ya hapo, kisha kusimama dakika 3 kwenye mita 5, na kufika juu ukiwa bado na takriban bari 50. Kupanda kwa haraka ni hatari, na kuzuia pumzi wakati wa kupanda ni hatari zaidi, kwa sababu hewa hutanuka ndani ya mapafu na inaweza kuyapasua.

Hofu, baridi na mkondo wa maji humfanya mtu apumue zaidi. Ndiyo maana wawili walioshuka pamoja na mitungi sawa hawamalizi pamoja. Kila mmoja ana geji yake, na mwenzake haioni. Habari muhimu kuliko zote iko kwa mtu mmoja, na lazima imfikie wa pili kwa mkono.

Ishara na lahaja zake

Ishara hizi si lugha kamili kama lugha za viziwi, ambazo William Stokoe alianza kuonyesha mwaka 1960 kuwa zina muundo wake. Hizi ni msimbo mdogo. Haziwezi kusimulia ya jana. Hata hivyo zina mpangilio: kiganja kinachoyumbayumba maana yake ni “kuna tatizo”, na kidole kinachofuata kinaonyesha liko wapi, sikioni au kwenye kifaa.

Nyingine zinafanana na maana yake. Mkono unaopita shingoni kama kisu husema “sina hewa”. Nyingine ni za makubaliano tu, na hapo ndipo mgeni hukosea. Huku kwetu kidole gumba kikiinuliwa ni “safi”, “muzuri”. Chini ya maji ni “tupande”. Anayetaka kusema anafurahia akainua gumba, amemaliza mbizi ya wote wawili. “Sawa” huonyeshwa kwa duara la gumba na kidole cha shahada.

Kuna lahaja pia. Katika shule nyingi za Kiingereza, “hewa yangu imepungua” ni ngumi kifuani. Katika shule za Kifaransa, aliyefikia akiba huinua ngumi kando ya kichwa. Kwa hiyo wenye busara hukumbushana ishara wakiwa bado juu, kabla ya kuingia majini.

“Nzuri, lakini...”

Duara lile la “sawa” ni swali na ni jibu pia. Ukiulizwa, ni lazima ujibu. Kimya huhesabiwa kuwa tatizo. Utaratibu huu ni mzuri, ila una ufa, na sisi wasemaji wa Kiswahili tunaujua vizuri.

Mtu akikuuliza “Habari?”, unajibu “Nzuri”. Hata ukiwa na homa, unaanza na “nzuri”, halafu ndipo unaleta “lakini”. “Hujambo?” imeshabeba jibu lake: “Sijambo”. Swali hilo hufungua mlango wa mazungumzo, na ukweli huingia baadaye. Chini ya maji hakuna “baadaye”. Aliyeulizwa “uko sawa?” anaweza kurudisha duara kwa mazoea, bila kutazama geji.

Dawa yake ni kubadili aina ya swali. Badala ya swali la ndiyo au hapana, unauliza “una ngapi?”: unaelekeza kidole kwenye geji, au unagonga kiganja kwa vidole viwili. Swali hili halijibiki kwa adabu. Linadai tarakimu, na tarakimu haipatikani bila kutazama. Kisha aliyeuliza huirudia kwa vidole, ili wote wawe na hakika kwamba ni 70 na si 120.

Haya ya kusema

Yapo pia mambo ya uso, kwa maana ya Penelope Brown na Stephen Levinson. Hewa ya mmoja ikipungua, mbizi ya wote inakwisha. Mgeni huona haya kuwaharibia wenzake, akanyamaza. Sheria ya wazamiaji inaiondoa gharama hiyo: yeyote anaweza kumaliza mbizi, wakati wowote, bila kutoa sababu. Gumba likiinuliwa, jibu ni gumba. Katika maneno ya Austin, ishara hiyo haielezi jambo, inalitenda.

Na kama hewa imekwisha kabisa? Mwenye shida hupitisha mkono shingoni na kumfuata mwenzake. Mwenzake humpa kifaa cha pili cha kupumulia. Wanashikana, wanatazamana machoni, wanapeana duara, kisha gumba, wanapanda pamoja. Yote haya yanahitaji wawe karibu. Ishara isiyoonwa haijasemwa. Kugonga mtungi husikika, lakini sauti majini husafiri zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na sikio hushindwa kujua imetoka upande gani.

Nilipomaliza kusoma nilikumbuka ukumbi wetu wa masomo. Mhadhiri anauliza: “Mmeelewa?” Tunaitika: “Ndiyo!” Halafu mtihani unakuja. Nadhani hatusemi uongo. Tunajibu swali kama lilivyoulizwa, kwa adabu ile ile ya “nzuri”. Huenda wahadhiri wetu wangejifunza kwa wazamiaji kuuliza “mna ngapi?”, nasi tungejifunza kuinua ngumi tukiwa bado na bari 70.