Keki Isiyoliwa

Umealikwa Dodoma kumpongeza mwenzako anayekaribia kujifungua, nawe wafikiria kumpelekea keki ya nepi: nepi za kutupa zilizoviringishwa, zikapangwa ghorofa tatu na kufungwa utepe. Yapendeza machoni. Lakini hesabu kwanza. Mtoto mchanga hubadilishwa nepi mara 8 au zaidi kwa siku. Keki ya nepi 40 haimalizi juma.

Nepi ndogo kabisa huishia kilo 5 hivi, uzito ambao watoto wengi huufikia kabla ya miezi mitatu. Wageni watano wakileta saizi hiyo hiyo, nyingine zitabaki kabatini. Chagua saizi inayofuata.

Tena liko suala la maji. Nyanda hizi kavu hupata mvua kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na mama anayenunua maji kwa ndoo hawezi kufua nepi kila saa. Ila hizo za kutupa haziozi upesi, wala hazifai kutumbukizwa chooni.

Mimi ningechanganya: nepi za kutupa ndani, kwa ajili ya usiku na safari ya kliniki, za pamba zikizizunguka, doti ya khanga nje, na kofia ya sufu juu (hasa kwa anayezaliwa Juni au Julai, miezi ya baridi Dodoma). Khanga itambeba mtoto, itamfunika, na mama ataivaa hata mwanawe akishaanza shule. Utepe usikazwe mno. Huenda mama akaufungua usiku wa manane, mkono mmoja ukiwa umempakata mtoto.