Mwana wa mlowezi wa Kiskoti aliyemwinda Kimathi

Zilikuwepo familia nyingi za walowezi katika nyanda za Mlima Kenya enzi za ukoloni, lakini ni chache ambazo jina lao bado linawatia uchungu wazee wa Nyeri kama familia ya Henderson kutoka Uskoti. Baba alikuwa mkulima wa kahawa. Mwana, Ian Henderson, ndiye aliyeongoza msako uliomfikisha Dedan Kimathi kwenye kitanzi.

Ian alizaliwa huko Aberdeenshire mwaka wa 1927, akalelewa Kenya katika shamba la wazazi wake. Alijifunza Kikuyu tangu utotoni, akakizungumza kwa ufasaha kama mwenyeji. Alizijua mila, viapo na methali za jamii hiyo, maarifa ambayo Wazungu wachache mno walikuwa nayo.

Hata hivyo, ujirani huo ulijengwa juu ya dhuluma. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1915 iliwawezesha walowezi kukodishiwa mashamba kwa miaka 999, ilhali Waafrika walisongamana katika maeneo waliyotengewa. Zao la kahawa lenyewe lilikuwa halali kwa Mzungu, huku Waafrika wa eneo hilo wakizuiwa kulipanda kwa miaka mingi. Wengi waliishia kuwa vibarua katika ardhi waliyoamini kuwa ya babu zao.

Katika mazingira hayo ndipo alipokulia pia Kimathi, aliyezaliwa mwaka wa 1920 kijijini Thenge, Tetu. Aliwahi kusoma Tumutumu, kituo kilichoanzishwa na wamishonari wa Kanisa la Uskoti mwaka wa 1908. Hivyo basi, mkono wa Waskoti uliwagusa vijana wote wawili: mmoja kwa damu, mwingine kwa elimu. Mmoja alirithi manufaa ya ukoloni, na mwingine akaingia msituni kuupinga.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, Henderson alikuwa afisa wa polisi katika kitengo cha upelelezi. Serikali ilikuwa na ndege za kivita na maelfu ya wanajeshi, lakini haikuwa na watu waliomwelewa mpiganaji wa msituni. Lugha aliyojifunza shambani kwa baba yake ikawa silaha.

Silaha hiyo ilionekana Januari 1954, Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China, alipotiwa mbaroni. Henderson alimhoji kwa muda mrefu kwa Kikuyu na kupata habari nyingi kuhusu vikosi vya Mlima Kenya. China, aliyehukumiwa kifo, alinusurika kunyongwa baada ya kukubali kuwaandikia wenzake ili wafanye mazungumzo na serikali. Mazungumzo hayo yalivunjika Aprili mwaka huo.

Baadaye zilitumika mbinu za magenge bandia. Wapiganaji waliokamatwa au kujisalimisha walishawishiwa kurejea msituni wakiwa wamevalia vilevile na kuimba nyimbo zilezile, lakini sasa wakiwawinda ndugu zao wa jana. Kando ya msitu, kuanzia Tetu hadi Kangari, raia walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa ili wasiwapelekee wapiganaji chakula. Njaa na usaliti vilifanya kazi ambayo mabomu yalishindwa kuifanya.

Alfajiri ya Oktoba 21, 1956, Kimathi, akiwa amevaa ngozi ya chui, alipigwa risasi na askari wa kikabila Ndirangu Mau alipokuwa kwenye ukingo wa msitu wa Nyandarua. Alishtakiwa mjini Nyeri kwa kupatikana na bastola, akahukumiwa kifo na Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, na kunyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957.

Henderson alitunukiwa Nishani ya George mara mbili. Mwaka wa 1958 alichapisha kitabu kuhusu msako huo, akishirikiana na mwanasiasa Philip Goodhart. Lakini Kenya huru haikuwa na nafasi kwake. Agosti 1964 alifukuzwa nchini, wakati Jaramogi Oginga Odinga akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani.

Miaka miwili baadaye alihamia Bahrain, akaongoza idara ya usalama wa taifa hadi mwaka wa 1998. Wapinzani wa serikali ya huko walimlaumu kwa mateso ya wafungwa, madai ambayo aliyakana. Hakuwahi kufikishwa mahakamani. Alifariki huko Aprili 2013, mbali na Aberdeenshire na mbali na Nyeri.

Chini ya miezi miwili baada ya kifo chake, Juni 6, 2013, serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake bungeni kwa mateso waliyotendewa Wakenya wakati wa hali ya hatari, na kukubali kuwalipa waathiriwa 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Kwa familia ya Kimathi, hesabu hiyo haijafungwa. Sanamu yake ilizinduliwa jijini Nairobi mwaka wa 2007, lakini mjane wake, Mukami, aliyeomba kwa miongo mingi apewe mifupa ya mumewe aizike, aliaga dunia Mei 2023 bila kuonyeshwa kaburi.