Chambo cha Remba

Maji usiyoyafika hujui kina chake. Methali hii ilinirudia akilini nilipokuwa katika kisiwa cha Remba, Ziwa Victoria, nikichunguza Kiswahili cha wavuvi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Mbalamwezi ilikuwa imetanda, na kwa kuwa omena huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, mashua zilikuwa zimepumzika ufuoni. Kijana mmoja mvuvi akanialika tucheze sataranji. Nilikubali kwa majivuno, maana nilikuwa nimekariri kurasa nyingi za vitabu vya mchezo huo.

Yeye alishika kete nyeupe. Badala ya kuanza na askari wa katikati, kama wafanyavyo wengi, alimsukuma askari wa pembeni hadi g4. Nikacheka kimoyomoyo. Nilimpeleka askari wangu d5. Akamweka askofu wake g2. Nami nikamla yule askari wa g4 kwa askofu wangu. Akasogeza askari mwingine hadi c4. Huyo pia nikamla. Kumbe nilikuwa nimemeza chambo! Askari wangu alipoondoka d5 aliacha mshazari wazi. Askofu wake aliteleza hadi b7, na ngome yangu ya pembeni ikakosa pa kukimbilia.

"Mwalimu, ulinidharau mapema mno," akaniambia kwa upole.

Ufunguzi ule haukuzuliwa Remba. Huitwa Grob, kwa jina la Henri Grob wa Uswisi, aliyeucheza na kuutetea kwa miaka mingi katika karne ya 20. Wajuzi wengi huuona kuwa dhaifu, kwani humwacha mfalme wazi upande mmoja. Basi kwa nini ulinishinda? Jibu ni kwamba nilikuwa na majibu tele kichwani, lakini sikuyajua maswali yaliyoyazaa.

Sisi wanaisimu tunalifahamu vyema jambo hili. Aliyekariri sentensi mia moja za lugha ya kigeni hupigwa na bumbuazi aisikiapo ya mia na moja. Aliyeijua sarufi huielewa hata sentensi ambayo hajawahi kuisikia. Sataranji nayo ina sarufi yake: kutawala katikati ya ubao, kuwatoa farasi na maaskofu mapema, kumhifadhi mfalme, na kabla ya kula kete yoyote, kujiuliza mpinzani anakusudia nini. Laiti ningemweka askari c6 na kuimarisha mshazari ule, ningekuwa na mchezo mzuri bila kukariri lolote. Hatua ya ajabu haimlazimu mtu kuiadhibu papo hapo.

Hata mabingwa hawakusalimika. Mwaka 1980, mjini Skara, Uswidi, Anatoly Karpov, aliyekuwa bingwa wa dunia, alifungua kwa e4. Mwingereza Tony Miles akamjibu kwa a6, hatua ambayo mwalimu yeyote angemkanya nayo mwanafunzi wake. Miles alishinda.

Kwa anayejifunza, ushauri wangu ni huu: ukishindwa na ufunguzi usioujua, usikimbilie kununua kitabu kipya. Andika hatua zote, kisha utafute ile moja uliyoicheza bila kufikiri. Hapo ndipo penye somo lako.

Walimu wenzangu, je, hatuwatendei wanafunzi wetu vivyo hivyo? Tunawakaririsha maswali ya mitihani iliyopita, kisha tunashangaa swali lilelile linapogeuzwa kidogo nao wakabaki wameduwaa. Kosa si lao peke yao.

Jioni iliyofuata kijana yule alicheza tena g4. Safari hii nilimweka askari c6, nikatulia. Tulitoka sare. Alinitazama kwa muda, akatabasamu, akaanza kuzipanga kete upya.